Siku Kunguni Waliponyamaza

Wiki iliyopita walipuliza dawa ya kunguni kwenye korido ya jengo letu hapa International City, Dubai. Nilikuwa natoka kazini Freezone, miguu imevimba, mfuko wa viazi mkononi, na lifti ilipofunguka ile harufu ikanivaa usoni: tamu kidogo mwanzoni, halafu chungu nyuma ya ulimi, kama mafuta ya taa yaliyotiwa sukari. Majirani walikuwa wameziba pua kwa mitandio wakilalamika, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mimi nikaivuta kwa pumzi zote. Kisha nikaketi juu ya ndoo ya mtu nisiyemjua nikalia, hadi jirani wa mlango wa pili akaniletea maji akidhani dawa imenilevya. Ningemweleza vipi? Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya baba yangu akipiga gitaa.

Baba alitutoka msimu wa mvua uliopita. Tulimzika nyumbani, Machakos, nikarudi kazini kwa sababu likizo ya msiba ina mwisho wake, nikadhani yamekwisha. Thubutu! Watu nisiowajua wakaanza kunitafuta kwa simu: mpishi wa mkahawa, mlinzi wa duka kubwa, mama mmoja anayesafisha kliniki. Wote wakasema neno moja. "Pole sana. Sisi ni Walioumwa." Hilo ndilo jina walilojipa mashabiki wa bendi ya baba, na bendi yenyewe iliitwa Kunguni wa Kusini. Walikuwa wanapanga kukutana Oud Metha, Jumapili baada ya kanisa, wamkumbuke. Je, ningekuja?

Nyinyi wa rika langu mtacheka, lakini ndiyo, palikuwa na bendi ya roki, tena ile roki ya panki ya kupiga kelele na kurukaruka, bendi ya walinzi na madereva wa Kiafrika katikati ya Dubai. Hiyo Kusini ilitoka kwa babu. Babu alikuwa mgonjwa wa kantri, ule muziki wa kusini mwa Amerika ambao redio ya kwetu ilikuwa ikiupiga kila Jumapili, naye akikaa na kofia yake pana kichwani kuusikiliza pamoja na mbuzi wake. Baba alijifunza gitaa kwa kuifuata redio ile. Alipofika Dubai na kuanza kulala kwenye vitanda vyenye wadudu, ule upole wa kantri ukamwishia, akaanza kuupiga mbio mbio kwa hasira. Hamadi, dereva kutoka Unguja, akapiga ngoma. Wasswa, mlinzi kutoka Masaka, akaimba, kama kule kulikuwa kuimba. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Hama Wewe", na aliyeambiwa ahame alikuwa kunguni, ingawa kila mpangaji aliyeusikia alijua kwamba mwenye nyumba naye anaambiwa.

Nilipokuwa mtoto tuliishi huku huku Dubai, kwenye fleti ya chumba kimoja na sebule. Chumba kilikuwa chetu, mama, baba na mimi. Sebuleni walilala walinzi wa zamu ya usiku, kitanda juu ya kitanda, kila kimoja na pazia lake, na hao walilala mchana. Kwa hiyo kwetu mchana ndio uliokuwa usiku. Nilijua kutembea kwa ncha za vidole kabla sijajua kusoma. Nilijua kufunga friji kwa kuisindikiza taratibu kwa nyonga, kufungua bomba litoe uzi mwembamba wa maji, na kukohoa ndani ya mto. Watoto wengine walifundishwa mashairi ya shule ya chekechea, mimi nilifundishwa vikohozi.

Kisha siku moja ngoma ya Hamadi ikaporomoka kutoka juu ya kabati. Lo! Walinzi wote wakaamka, mmoja akafoka, akampigia simu mwenye fleti, na mwenye fleti akaja jioni hiyo hiyo na kandambili zake na ghadhabu zake. Hakuingia hata ndani. "Kelele moja tena," akasema mlangoni, "khalas, basi. Mnatoka wote."

Alipoondoka, mama alinishika mabega akaniketisha kitandani. Mama hakuwa mtu wa kumfichia mtoto ukali wa dunia. "Sikiliza," akaniambia. "Tukifukuzwa hapa, hakuna atakayetupa chumba kingine na mtoto ndani. Itabidi urudi kwa Susu, sisi tubaki huku." Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Nilimpenda, ila sikutaka kumpenda nikiwa peke yangu. Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, kuhakikisha hakuna kelele, ili nisitenganishwe na baba na mama.

Baba naye hakuwa mtu wa kuacha bendi. "Debe tupu haliachi kuvuma," mama akamwambia, "wewe na hayo madebe wenzako." Baba akacheka, akasema basi debe litavuma kimya kimya. Na ndivyo walivyofanya, msinione mwongo. Walifanya mazoezi chumbani kwetu, alasiri, walinzi wakikoroma upande wa pili wa ukuta. Gitaa la umeme halikuchomekwa popote, likatoa mlio mdogo wa mbu. Hamadi alipiga godoro na mapaja yake mwenyewe. Na Wasswa, ambaye kazi yake yote ilikuwa ni mayowe, aliyapiga bila sauti: mdomo wazi, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imesimama, jasho linamtiririka hadi kifuani, na hutasikia kitu. Walirukaruka pia, lakini kwa soksi, wakitua kwa ncha za vidole. Dawa ya kunguni, ambayo baba aliipuliza chini ya kitanda kila alipopata nafasi, ilitufanya sote tububujikwe na machozi.

Mimi nilikaa mlangoni, mlango ukiwa wazi kidogo, sikio moja sebuleni. Mlinzi akigeuka kitandani, niliinua kiganja juu. Hapo wote watatu waliganda walivyo, Wasswa na mdomo wake wazi, baba na mguu mmoja hewani, mpaka mlinzi akorome tena nami nishushe mkono. Walinitii, jamani! Watu wazima wenye ndevu! Wasswa akaniita Arbab, bosi, na kila mazoezi aliniinamia kwanza. "Arbab, tunaanza?" Nami nilikibeba cheo changu kwa uzito mkubwa.

Sasa, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna namna nyingine. Nilijua redio zina sauti na kanisani kuna sauti, lakini akilini mwangu nilikwisha kupanga mambo: sauti ni ya watu wenye nyumba zao. Mungu ana nyumba yake, ndiyo maana kwaya inaruhusiwa kupaza. Watu wa kwenye redio bila shaka wana nyumba kubwa. Sisi tuliokaa chumba cha kupanga tulipewa muziki wa aina hii, wa kutazama. Sikuuona una upungufu. Nilimtazama baba akikunja uso, akiuma mdomo, vidole vikikimbia juu ya nyuzi, na nilijua wimbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mabega yake.

Wasswa ndiye aliyenitia wasiwasi. Mtu anayefungua kinywa namna ile bila kutoa sauti, kwa akili yangu, alikuwa anaumwa jino. Jino liliponiuma mimi, mama alinipa karafuu. Basi siku moja nikaiba karafuu kwenye kopo la pilau, nikamngoja amalize wimbo, nikamwekea kiganjani. "Weka hapa," nikamwonyesha shavuni. Wasswa akanitazama, akamtazama baba, akaitia mdomoni. "Banange, jamani," akanong'ona, "limepona." Tangu hapo hakuna mazoezi yaliyoanza kabla kila mmoja hajapewa karafuu yake. Nilijiona daktari.

Walikuwa wakipiga kwa sauti mahali pengine, sikujua. Mara moja moja walialikwa kwenye kambi za wafanyakazi, au nyuma ya ghala fulani siku ya mapumziko, na huko ndiko Walioumwa walikoumwa. Watoto hatukupelekwa. Kisha Wakenya wa hapa wakafanya siku ya familia kwenye ukumbi wa hoteli moja Oud Metha, chapati, kwaya, watoto kucheza na kuku kushindaniwa, na Kunguni wa Kusini wakapewa nafasi ya mwisho. Baba alininunulia utepe mwekundu wa nywele. Alinifunga mwenyewe asubuhi ile, akakosea, akafungua, akafunga tena, mama akimtazama tu bila kumsaidia. Mama alikuwa kimya siku hiyo. Nilidhani ni viatu vipya vinambana.

Ukumbi ulijaa mchana ule. Nilikaa mstari wa mbele na soda yangu. Nikamwona baba akipanda jukwaani na viatu miguuni, nikashangaa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona akipiga gitaa na viatu. Nikaona waya mweusi umechomekwa kwenye gitaa. Hamadi alikuwa na ngoma za kweli mbele yake. Wasswa akatia karafuu mdomoni, akanikonyeza.

Kisha Hamadi akapiga.

Nilidhani jengo linaanguka. Soda ilinimwagikia magotini. Lile gitaa nililolijua kwa mlio wa mbu likafoka likanigonga kifuani, na kabla sijapata pumzi Wasswa akafungua kile kinywa, na safari hii kikatoa. "Hama wewe! Hama wewe!" Alikuwa amenyoosha kidole mbele, na mbele ndipo nilipokuwa nimekaa mimi. Watu nyuma yangu wakaanza kuruka na kupiga kelele kama Wasswa. Wimbo wenyewe sikuusikia hata kidogo, nilikuwa nimejaa hofu hadi masikioni. Nilifikiri jambo moja tu. Wataamka. Ataitwa mwenye fleti. Nitapelekwa kwa Susu.

Nikapanda jukwaani. Nakumbuka zulia, nyaya, na mama akiita jina langu nyuma. Nikasimama katikati yao nikainua kiganja.

Wasswa akaganda. Mazoea ni mazoea, hata mdomo hakuufunga. Hamadi akabaki na vijiti hewani. Ukumbi mzima ukatulia, mtu mmoja akasema spika zimeharibika. Wasswa akamtazama baba kama anayemuuliza kitu. Baba akanitazama mimi. Kisha akakizungusha kile kitufe kidogo cha gitaa hadi mwisho, sauti ikafa, akavua viatu. Akaja akainama mbele yangu, akaufunga utepe wangu uliokuwa umelegea. Halafu wakaendelea na wimbo walipouachia, bila sauti, kama chumbani, Hamadi akipiga mapaja, Wasswa akipasuka shingo. Watu wakacheka kwanza. Kisha mmoja akavua viatu, wa pili akavua, na ukumbi mzima ukarukaruka kwa soksi, watu wazima, wapishi na walinzi na yaya, hakuna aliyetoa hata mguno. Mimi nilisimama pale mbele nikiwachunga. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimeiokoa familia yangu.

Siku chache baadaye nilikuwa uwanja wa ndege na mama, na mabegi.

Hakuna aliyenieleza, au walieleza nikakataa kusikia. Nilijua sababu. Ni ile kelele ya mwanzo, kabla sijafika jukwaani. Nilichelewa. Baba alifika nasi hadi pale asiporuhusiwa kupita, akabaki upande ule na watu wengi. Nilipogeuka alikuwa amekunja mkono wa kushoto hewani, wa kulia unakimbia tumboni, anauma mdomo. Alikuwa anatupigia "Hama Wewe", mikono mitupu, watu wakimpisha na mabegi yao. Nilimtazama mabega mpaka foleni ikatufikisha kwenye kona.

Nikakulia kwa Susu baada ya yote, mama akiwa nasi. Baba alikuja likizo, akarudi, akaja, akarudi. Gitaa alimwachia Hamadi huku. Wasswa alikwisha kurudi Masaka, na bendi ikafa hivyo, bila tangazo. Baadaye mlango wa ghala ukamla baba vidole viwili vya mkono wa kushoto, na habari za gitaa zikaishia hapo. Sikuwahi kumwambia anipigie. Nilidhani kuna wakati. Nilipopata kazi Dubai na mimi, yeye alikuwa amestaafu nyumbani, ananiuliza tu kwa simu kama bado kuna kunguni. "Wapo, baba." "Wasalimie," anasema.

Basi Jumapili nikaenda Oud Metha. Walioumwa walikuwa wameunganisha meza za mkahawa. Nywele zimepungua, vitambi vimeongezeka. Katikati ya meza waliweka sahani ya karafuu, na kila aliyeingia alichukua moja akatia mdomoni kabla hajasalimia mtu. Nikamuuliza kijana mmoja anayepeleka chakula kwa pikipiki, shabiki wa kurithishwa kwa sababu bendi ilikufa hajawahi kuiona, karafuu maana yake nini. "Hiyo ni symbol," akaniambia kwa heshima zote. "Karafuu ni chungu, msee. Maisha ya huku."

Nikang'ata ulimi. Wakafika kwenye ile siku, maana ndiyo hadithi yao kubwa, na hakuna rekodi ya bendi, wana hadithi tu. Mpishi akasema ule ulikuwa ujumbe kwa makafeel, wadhamini wanaoshika viza zetu: mmetunyima sauti, oneni tunavyoruka. Mlinzi wa duka akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ndiyo maana yake, hakuna nyingine. "Na kale katoto," kijana wa pikipiki akadakia, "kalifunzwa vizuri! Kalipanda kwa timing." Wakapiga meza kwa kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje? Walikuwa wameishi na siku ile miaka yote wakiilisha, imenenepa. Sikuwa na moyo wa kuwanyang'anya.

"Hakakufunzwa na mtu," sauti ikasema nyuma yangu. Ni Hamadi. Amezeeka, bado anaendesha gari la kliniki, bado ana Kiunguja chake safi. Alinivuta kando, karibu na mashine ya chai. "Miye nilidhani babako alishakwambia," akasema. "Mkataba wa mamako kazini ulikuwa umekwisha. Tiketi zenu zilikatwa kabla ya siku ile. Hamkuondoka kwa kelele, mwanangu. Hata ungekaa kimya kama jiwe mngeondoka."

Nikamwambia sielewi. Kwa nini basi walikubali kupiga siku ya familia, wao ambao hawakupenda mambo ya kwaya na kuku?

"Kwa ajili yako," akasema. "Babako alisema, mwanangu ananijua kwa mabega tu. Hawezi kuondoka hajanisikia japo mara moja. Akatuomba sana."

Nikashika ukingo wa meza ya chai. "Na mimi nikamnyamazisha."

"Aa-a. Wasswa alimuuliza kwa macho, vipi, tuendelee? Wallahi angesema ndiyo tungeendelea, wewe mamako angekushusha. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga sauti."

Nililia pale, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira pia, kwa sababu mtu hapewi zawadi kama ile akaambiwa ameshaitupa. Shiru, yule mama anayesafisha kliniki, akaja na leso na simu yake ya zamani iliyopasuka kioo. Alisema anayo video ya siku ile. Moyo wangu ukaruka: nitamsikia! Lakini hakuna aliyewaza kurekodi mwanzo. Watu walitoa simu mambo yalipokuwa ya ajabu. Video inaanza nikiwa tayari jukwaani, kiganja juu, utepe umelegea, baba anavua viatu.

Anakuja. Anainama kunifunga utepe, na pale anapoinama, kipaza sauti cha Wasswa kiko karibu na kichwa chake. Midomo yake inacheza. Nilikumbuka utepe. Sikukumbuka kwamba alisema kitu.

"Rudisha," nikamwambia Shiru. Mkahawa ulikuwa na kelele, vijiko, mpishi na mlinzi bado wanabishana. Sikufikiri. Niliinua kiganja.

Walioumwa wote wakaganda, vikombe hewani. Hata kijana wa pikipiki aliganda. Shiru akaongeza sauti hadi mwisho, nikaweka simu sikioni, na ndani ya ule msukosuko wa rekodi mbovu nikasikia soksi zikikwaruza zulia, kisha pumzi ya mtu anayetoka kupiga muziki, kisha baba yangu, kwa ile sauti ya chumbani kwetu.

"Usiogope, mama. Hakuna aliyeamka."